Kasoro za sarafu: Ufa wa kiwandani si mkwaruzo wa mtaani

KWA mchuuzi au utingo wa matatu, sarafu yenye chapa iliyopotoka ni usumbufu mtupu; huikataa akidhani ni bandia. Kwa mkusanyaji, sarafu iyo hiyo huenda ikawa hazina. Hata hivyo, si kila ila huongeza thamani. Wengi hupoteza fedha kwa kutotofautisha kosa lililotokea kiwandani na dhara lililoipata sarafu baada ya kutoka humo.

Sarafu hutengenezwa kwa kugandamiza kisahani cha madini kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, iliyochongwa picha na maandishi kinyumenyume. Muhuri mmoja hupiga maelfu kwa maelfu ya sarafu. Kutokana na kishindo hicho cha mfululizo, hatimaye chuma huchoka na kupasuka.

Ufa wa muhuri

Muhuri unapopasuka, madini ya kisahani husukumwa ndani ya ufa huo. Ndiyo sababu alama yake kwenye sarafu huwa mstari mwembamba ulioinuka, ilhali mkwaruzo wa kisu au msumari huzama. Kioo cha kukuzia na mwanga wa kutoka ubavuni vyatosha kuamua.

Ufa ukizidi, ukingo wa muhuri humeguka na kuacha uvimbe laini usio na chapa pembeni mwa sarafu. Sarafu za aina hii husakwa mno. Nyufa ndogo hazina bei kubwa. Mathalani, senti nyingi za Marekani za miaka ya 1950 zina kistari kati ya herufi B na E katika neno LIBERTY, mfano wa herufi I, nazo huuzwa kwa bei nafuu.

Makosa mashuhuri

Mwaka wa 1955, katika kiwanda cha Philadelphia, Marekani, muhuri mmoja wa senti ulitiwa picha mara mbili bila kulingana. Tarehe na maandishi yakatokea maradufu. Kosa lilipogunduliwa, sarafu hizo, zinazokadiriwa kuwa zaidi ya 20,000, zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na zilizo sawa, zikaachwa zitoke. Baadhi ya watu walizipata kama chenji ya sigara. Leo senti moja ya aina hiyo huweza kuuzwa kwa dola 1,000 na zaidi.

Nchini Uingereza, tarehe ya sarafu ya peni 20 ilihamishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine mwaka wa 2008. Muhuri wa zamani ulipooanishwa na mpya kimakosa, zilitoka sarafu zisizo na mwaka wowote.

Tahadhari kwa wanunuzi

Penye faida hapakosi walaghai. Mwaka wa 1937, fundi wa kiwanda cha Denver, Marekani, alisugua muhuri wa senti tano kupita kiasi, akafuta mguu mmoja wa mbele wa nyati. Bei ya sarafu hizo za miguu mitatu ilipopanda, walaghai walianza kukwangua mguu kutoka kwa sarafu za kawaida. Lakini sarafu halisi ina mfululizo wa vinundu vidogo vilivyoinuka chini ya tumbo la mnyama. Kukwangua huondoa madini. Hakuwezi kuinua kinundu.

Vivyo hivyo, sarafu ya Kenya ya shilingi 20 ambayo kitovu chake kimeng'olewa kwa nyundo ni sarafu iliyoharibiwa tu.

Anayeanza ukusanyaji na azingatie mambo manne. Kwanza, ailinganishe sarafu na nyingine nzima ya aina na mwaka uo huo. Pili, aipime uzito, kwani iliyokwanguliwa hupungua. Tatu, asiisugue kwa dawa wala mchanga, kwa maana kung'arishwa hushusha bei. Nne, ajihadhari na yeyote anayeahidi kuinunua kwa mamilioni kisha akadai atangulizwe ada. Mnunuzi wa kweli hutoa fedha, hadai.

Kabla ya kulipa au kuuza, basi, swali la kwanza ni lile lile: Je, alama imeinuka au imezama?