Mkombozi Wetu ni Ndugu Yetu



Kila Dominika twakiri ya kuwa Yezu Kristu ni Mkombozi wetu. Watoto hulitamka neno hilo kabla ya kujua kusoma. Lakini neno likitamkwa kila siku, watu husahau uzito wake. Kwa hiyo leo tuliangalie mahali lilipotoka.

Zamani za wazee wetu, kukomboa halikuwa neno la kanisani. Lilikuwa neno la baraza na la soko. Mtu aliyewekwa rehani kwa ajili ya deni, au aliyetekwa vitani, alikaa katika mji wa wageni, akilima mashamba yasiyo yake, mpaka ndugu zake walete mali ya kumrudisha. Mali ikitolewa, mtu huyo amekombolewa. Asiyekuwa na ndugu hakuwa na mkombozi. Ndiyo maana mtumwa hakuwa mtu aliyekosa nguvu tu: alikuwa mtu aliyekosa jamaa wa kumdai.

Wana wa Israeli nao walikuwa na desturi ya namna hiyo. Kitabu cha Walawi, katika sura ya 25, chaonyesha ya kuwa Mwisraeli akiwa maskini hata akajiuza kwa mgeni, ndugu yake wa karibu ana haki ya kumkomboa. Tushike vema jambo hili: tangu zamani, ukombozi ni kazi ya ndugu.

Kanisa nalo lilijifunza kazi hiyo mapema. Mwaka 1198 Baba Mtakatifu Inosenti wa Tatu alikubali kanuni ya shirika la Utatu Mtakatifu, lililoanzishwa na Mtakatifu Yohane wa Matha ili kuwakomboa mateka. Theluthi moja ya mali yao iliwekwa kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 1218, katika mji wa Barcelona, Mtakatifu Petro Nolasko alianza shirika jingine. Watawa wake waliweka nadhiri ya kukaa wenyewe kifungoni badala ya mateka, kama mateka yule yuko katika hatari ya kuiacha imani. Hao hawakutoa fedha tu. Walikuwa tayari kuitoa nafsi yao.

Sasa tuje kwetu, kwenye Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilipita katika nchi za ziwa hili. Watu wa Manyema na Marungu walifungwa, wakavushwa mpaka Ujiji, kisha wakapelekwa mbali kwa miguu. Mapadri Weupe, ambao shirika lao lilianzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868, walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1883 walijenga misioni ya Kibanga, na mwaka 1885 wakapokea boma la Mpala. Walitoa vitambaa na shanga, wakawakomboa watoto na watu wazima mikononi mwa wachuuzi. Kapiteni Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu, alifika Mpala mwaka 1887 ili kuwalinda wanavijiji. Alimwoa Agnes, binti wa nchi hii, akakaa kati ya wenyeji mpaka kufa kwake mwaka 1927.

Yuko pia Adrien Atiman. Alikuwa mtoto wa nchi zilizo karibu na Timbuktu, akatekwa, akavushwa jangwani, na Mapadri Weupe wakamkomboa huko Algeria. Alisomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya ziwa, katika nchi iitwayo leo Tanzania. Hapo alikuwa katekista na mganga mpaka alipokufa mwaka 1956. Mtoto aliyeuzwa kama mzigo aliwatibu watu kwa muda wa miaka zaidi ya 60.

Tuwashukuru waliofanya kazi hiyo. Lakini tuseme kweli pia: ukombozi wa kibinadamu una mipaka yake. Kwanza, mchuuzi aliyelipwa leo aliweza kurudi kesho na watu wengine. Lavigerie mwenyewe, aliyekuwa sasa Kardinali, aliona ya kuwa kununua mmoja mmoja hakutoshi. Mwaka 1888 akaenda Paris, London na Brussels kuwasihi watu waikomeshe biashara yenyewe. Pili, waliokombolewa walikaa katika vijiji vya misioni chini ya amri ya Mapadri, wakalima na kuoa kwa shauri lao. Walitoka katika mnyororo, lakini hawakurudi nyumbani kwa mama zao. Shanga zaweza kulegeza kamba. Haziwezi kumpa mtu jamaa.

Hapo tutaona ukuu wa kazi ya Kristu. Je, alimlipa nani? Alimlipa Shetani? Hasha! Mtakatifu Gregori wa Nazianzo, katika karne ya 4, alilikataa wazo hilo, maana mnyang'anyi hastahili malipo. Kristu hakufanya biashara na mwovu. Alimshinda kwa utii wake msalabani. Wala hakutoa mali iliyo nje yake, bali damu yake mwenyewe. Tena hakutukomboa akiwa mgeni. Alitwaa mwili katika tumbo la Bikira Maria, awe ndugu yetu wa damu, apate haki ya kutudai. Wala hatubadilishi bwana tu: kwa ubatizo twaingia nyumbani mwa Baba, tukiwa wana na warithi.

Basi, ndugu zangu, yako matata ambayo hayana budi kusemwa. Katika vijiji vingine, watu wakigombana juu ya shamba au ndoa, hutokea mkristu akamtupia mwenzake neno: «Wewe ni nani? Babu yako alinunuliwa.» Jumapili wamepiga magoti pamoja mbele ya altare, Jumatatu mmoja amfunga mwingine tena kwa ulimi. Anayesema hivyo amevunja ukombozi wake mwenyewe. Kwa maana kama mjukuu wa mtu aliyenunuliwa si ndugu, sisi sote hatuna ndugu, kwa kuwa sote tumenunuliwa kwa damu moja.

Paulo Mtakatifu alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, alimwomba ampokee si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpendwa, na kama kuna deni, aandikiwe yeye Paulo. Hivyo ndivyo aliyekombolewa huwa mkombozi wa wenzake.

MAULIZO

Kukomboa maana yake nini?
Ni kumrudishia uhuru mtu aliyefungwa, kwa kutoa kitu cha thamani.

Kristu ametoa nini ili atukomboe?
Ametoa uzima wake mwenyewe msalabani.

Kwa nini alijifanya mtu?
Ili awe ndugu yetu, na atufanye wana wa Baba.

Mkristu aweza kumdharau mwenzake kwa sababu ya asili yake?
Hawezi, kwa kuwa sote tumekombolewa kwa damu moja.