Ngoma ya Kumfukuza Nyangumi

Babu yangu alivua samaki Watamu miaka mingi, na kitu kimoja tu kilimtia hofu baharini: mvumo wa pumzi kubwa gizani. Akiusikia, aligonga ubavu wa ngalawa kwa kafi mpaka uishie mbali. "Nyangumi hana ugomvi na mtu," alikuwa akisema, "ila mgongo wake hauna macho."

Nilipoanza shahada ya uzamili katika historia, nikakutana na kafi ile kwa al-Masudi. Msafiri huyo wa Baghdad, aliyesafiri kati ya Oman na pwani ya Zanj mnamo mwaka 916, aliandika kwamba mabaharia wa bahari hii walipiga ngoma usiku na mchana kumfukuza samaki mkubwa mno. Aliandika pia juu ya ambari: mzoga wa nyangumi ulipokutwa ukielea, watu waliupasua tumbo kuitafuta. Walimwogopa akiwa hai, wakafaidika naye akiwa amekufa.

Karne ya 19 walikuja wasiomwogopa. Meli za Marekani za kuwinda nyangumi zilitia nanga Unguja kuchukua maji na chakula, zikirudi kwao na mafuta ya kuwashia taa. Karne iliyofuata mauaji yakahamia kusini, katika bahari ya Antaktika, ambako nyangumi wenye nundu hula kabla ya kuja kwetu kuzaa. Katika nusu ya kusi ya dunia waliuawa zaidi ya 200,000. Kuwawinda huko kulipigwa marufuku mwaka 1963, ingawa Wasovieti waliendelea kwa siri. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Shelisheli, Bahari ya Hindi ikatangazwa hifadhi ya nyangumi.

Agosti iliyopita nilipanda boti ya watalii palepale Watamu. Tuliyapita majabali ya matumbawe yaliyoliwa na mawimbi chini hadi yakafanana na uyoga, tukavuka mwamba, kusi likatupokea. Baada ya saa mbili tukaona moshi wa maji, kisha migongo miwili: mama na mtoto.

"Mjomba, tusogee kidogo," nikamwomba nahodha, simu mkononi. "Nipate picha."

"La, mwanangu. Ana mtoto huyu. Akitaka kutuona atakuja mwenyewe." Akapunguza moto wa injini, tukabaki tukielea.

Hakuja. Alizama na mwanawe, na nyuma yangu mtu akanung'unika kuhusu pesa zake. Nahodha hakujibu. Msimu wa kusi uvuvi ni mgumu, na nauli zile ndizo zinazomlisha. Angeweza kuwafuata kwa dakika tano, turidhike. Ndipo nikaona aibu. Injini nayo ni ngoma, na mimi, niliyesoma yote yale, ndiye niliyetaka ipigwe kwa nguvu.

Jioni nilimsimulia babu. Alicheka kusikia watu wanalipa kumtafuta nyangumi.

"Na mkanyamaza tu?"

"Tulinyamaza, babu."

Akafikiri kidogo, kisha akauliza mtoto alikuwa mkubwa kiasi gani, na rangi yake ikoje. Nikampa simu aone picha yangu ya mbali. Aliisogeza karibu na macho, akaitazama muda mrefu. Maisha yake yote alikuwa amesikia pumzi tu.