Polisi wakitaka kupekua nyumba yako: sheria inataka nini

Huku mlimani upekuzi huja ghafla. Leo ni gongo inayosemekana imefichwa mgombani, kesho ni mirungi iliyoteremshwa na bodaboda, au simu ya wizi iliyouzwa mnadani. Wengi hufungua mlango, husaini karatasi bila kuisoma, na maswali huyauliza baadaye.

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, familia yake na makazi yake. Ibara hiyo hiyo inaruhusu kuwepo utaratibu wa kisheria wa kuiingilia faragha hiyo. Kwa polisi, utaratibu huo umo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20.

Kawaida askari anatakiwa awe na hati ya upekuzi. Mkuu wa kituo anaweza kupekua mwenyewe au kumpa askari wake idhini ya maandishi, kisha hakimu ataarifiwa. Kwa hiyo usishangae hati isipokuwa na mhuri wa mahakama. Iombe, isome: imetaja nyumba yako? Wanatafuta nini?

Hati hutekelezwa kati ya macheo na machweo. Kwa usiku, mahakama lazima iwe imeruhusu. Mahakama ya Rufani imewahi kuutupa ushahidi wa upekuzi uliofanyika usiku bila hati wala ruhusa hiyo.

Ipo dharura. Askari akiamini kwa sababu za msingi kwamba kielelezo kitafichwa au kuharibiwa wakati hati inatafutwa, anaweza kuingia bila hati. Barabarani pia, iwe Himo au Tarakea, gari linaloshukiwa kubeba mali ya wizi linaweza kusimamishwa na kupekuliwa bila hati. Ila mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha.

Sehemu inayoamua kesi nyingi ni karatasi ya mwisho. Kila kinachochukuliwa kiandikiwe risiti, isainiwe na mwenye nyumba au ndugu yake wa karibu, pamoja na mashahidi walioshuhudia. Muite balozi au mwenyekiti wa kitongoji kabla upekuzi haujaanza. Akija vitu vikiwa vimeshatolewa nje, atashuhudia nini? Kukosekana kwa risiti hakuiui kesi kila mara, maana mahakama imewahi kukubali hati ya ukamataji mali yenye saini za watu hao hao. Ndiyo maana usisaini orodha yenye kitu ambacho hukukiona kikitolewa.

Simu nayo ina sheria yake. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, mkuu wa kituo anaweza kutoa amri simu ichukuliwe na kukaguliwa. Kwa maoni yetu kinga hiyo ni nyembamba, kwa kuwa anayeomba na anayeruhusu wote ni polisi.

Ukiona utaratibu umevunjwa, usimzuie askari kwa nguvu. Hilo litakuwa kosa jingine. Andika saa, majina na namba za askari, na nani alikuwepo. Malalamiko yapeleke kwa mkuu wa polisi wa wilaya au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na nakala ya risiti uwe nayo mkononi.