Boti ya rimoti na fundi aliyenyimwa nyongeza

Wasee, boti ya rimoti ikikata maji, jina linalotajwa kwanza ni Tesla. Ni haki yake. Mwaka 1898, pale Madison Square Garden, New York, aliendesha boti ndogo kwa mawimbi ya redio. Lakini usukani wake uligeuzwa na mota ya umeme. Ukitaka boti yenye kreni inayoinua mzigo kwa haidroliki, kuna mtu mwingine wa kushukuru, na wengi hata hatumjui.

Mtambo wenyewe ni rahisi. Sirinji mbili, mrija katikati, maji ndani. Mota ndogo inasukuma sirinji nyembamba, ile nene inainua mkono wa kreni. Nene ikiwa na kipenyo mara mbili, nguvu inakuwa mara nne, ila inasonga robo tu ya mwendo. Hakuna cha bure.

Shida ni kuvuja. Maji yakitoka na hewa ikiingia, kreni inalegea tu.

Joseph Bramah alipambana na shida hiyo hiyo London. Hataza ya 1795 ya mashine ya kukandamiza kwa nguvu ya maji ina jina lake, sawa. Lakini maji yalikuwa yanatoroka kando ya pistoni. Anayetajwa kwamba aliyazuia ni Henry Maudslay, fundi kijana katika karakana yake, kwa ukosi wa ngozi ulioumbwa kama kikombe. Presha ikipanda, ngozi inajikaza. Ikishuka, inaachilia. Leo kazi hiyo ya kuziba inafanywa na raba ya sirinji yako.

Na malipo? Shilingi 30 kwa wiki. Mwaka 1797 aliomba nyongeza, akanyimwa. Akatoka, akafungua karakana yake. Baadaye kampuni yenye jina lake ndiyo iliunda injini za Great Western, meli ya mvuke iliyovuka Atlantiki 1838.

Maoni yangu ni haya. Kwa boti ndogo, usukani uachie umeme, maana ni mwepesi na unajibu haraka. Haidroliki ipe kreni. Halafu tuache ile tabia ya kumpiga picha mwenye wazo na kumsahau aliyeziba palipovuja. Ukiposti boti yenu, andika jina lake pia. Na kama wewe ndiye bosi, akiomba nyongeza, msikilize.