Lakabu ya Safu

Mtaa wa Msimbazi hakuna anayehitaji kuelezwa Wekundu ni nani. Ni Simba, klabu iliyoanzishwa mwaka 1936 na kuwahi kuitwa Sunderland. Usajili na mikataba huandikwa Simba. Wekundu wa Msimbazi ni lakabu, na shabiki hachanganyi hayo mawili.

Neno hili, lakabu, linawafaa sana wanaotengeneza programu za mauzo za maduka ya Kariakoo. Tuseme kanzidata ina safu iitwayo bei_jumla, na ripoti inaiomba itoke kwa lakabu ya "bei" ili mwenye duka asome kwa wepesi. Draiva, yaani programu inayopeleka maombi kwenye kanzidata na kurudi na majibu, huulizwa mambo mawili kuhusu safu hiyo: kule jedwalini inaitwaje, na hapa kwenye ripoti inaitwaje?

Draiva ya kanzidata ya MySQL kwa lugha ya Java, katika matoleo ya 5.0, kwa mpangilio wake wa kawaida ilijibu yote mawili kwa lakabu. Programu iliyotaka kurudi jedwalini kubadili bei ikatafuta safu isiyokuwepo. Na seva, yaani upande wa kanzidata yenyewe, haikuwa na kosa: tangu toleo la 4.1 imekuwa ikituma majina yote mawili pamoja. Toleo la 5.1 la draiva likayatenganisha, likabakiza swichi kwa ajili ya waliokwisha kujenga mifumo yao juu ya tabia ya zamani.

Kanuni za Java huliita jibu la pili lebo. Mimi silipendi neno hilo hapa. Lebo ya shati hutaja saizi, kitambaa, mtengenezaji, hata namna ya kufua. Haina kazi ya kuita. "Jina bandia" ndilo baya zaidi, maana Kariakoo bandia ni mali ya kughushi, na "bei" haikughushiwa na mtu. Lakabu humwita yuleyule kwa njia nyingine, basi.

Zipo safu zisizo na jina kabisa. Ukizidisha bei kwa idadi, jibu lake halikuhifadhiwa katika jedwali lolote. Seva huacha nafasi ya jina ikiwa tupu, na draiva iliyorekebishwa hurudisha lakabu, kwa kuwa ndiyo pekee iliyopo. Programu ikijaribu kuandika thamani mpya humo itakataliwa, na ni haki ikataliwe.