Waya Ulifika 2009, Lakini Magokoro Bado Haskiki

Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: ninunue simu gani ndiyo mama aonekane vizuri akipigiwa vidio kutoka Marekani? Jibu langu ni usinunue kwanza. Mara nyingi shida si simu, na historia yenyewe inaonyesha hivyo. Mimi niliacha chuo, sikuacha kusoma, kwa hivyo nipeni dakika tatu.

Kuongea mkionana ni ndoto ya zamani sana. Aprili 1927, maabara za Bell zilituma sura na sauti ya Herbert Hoover, wakati huo waziri wa biashara wa Marekani, kutoka Washington hadi New York. Mwaka wa 1964 kampuni ya AT&T ikaonyesha Picturephone New York, kisha ikaweka vibanda vya umma katika miji mitatu. Dakika tatu zilikuwa dola 16 hadi 27. Watu wakaona ni bei ya wazimu, wakarudi kwa simu ya kawaida. Picha ni tamu, lakini ukikosa picha bado mtaelewana. Ukikosa sauti, mnapungiana mikono tu.

Sasa turudi huku Gusii. Kabla ya simu za mkono, ulienda mjini, ukapanga foleni kwa kibanda cha Posta na sarafu zako. Simu za ng'ambo zilitegemea sana setilaiti, na kituo cha Longonot ndicho kilikuwa mlango wetu tangu 1970. Setilaiti ya aina hiyo iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti inapanda, inashuka, jibu nalo linafanya safari hiyo hiyo. Hapo nusu sekunde imeenda. Wote wawili mnaanza kuongea pamoja, mnanyamaza pamoja, na pesa inaliwa.

Mwaka wa 2009 mambo yakabadilika. Waya za TEAMS na SEACOM, zilizolazwa chini ya bahari, zilifika Mombasa, na Kenya ikaacha kutegemea anga kwa intaneti ya nje. Novemba 2016 WhatsApp ikaleta simu za vidio kwa kila mtu mwenye bando. Halafu Machi 2020, Korona ikafunga ndege za abiria. Watu wetu wa Minnesota, na ni wengi, wakazika wazazi kupitia skrini. Hapo ndipo simu ya vidio iliacha kuwa mchezo wa vijana.

Kwa hivyo bahari tulishaivuka. Kilichobaki ni mita tatu kati ya mdomo wa magokoro na simu iliyoegemezwa kwa chupa ya chai ukutani, na hizo mita hakuna kampuni itakuja kututengenezea.

Angalia saa tu. Wengi wetu kule wanafanya kazi za uuguzi, zamu za usiku. Akitoka kazini saa moja asubuhi Minnesota, huku ni saa tisa au saa kumi alasiri. Hiyo ndiyo saa ya mvua ya Kisii na Nyamira! Mvua ikigonga mabati, hata simu ya laki moja haiwezi kukusaidia. Kubalianeni saa nyingine, ama mpeleke mzee kwa nyumba yenye dari.

Halafu sogeza simu. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika kwa maikrofoni inabaki kama robo. Iyafoni za waya za bei ya chini, zenye maikrofoni karibu na mdomo, zinashinda simu ghali iliyo mbali. Kaeni sebule yenye makochi, mapazia na vitambaa, kwa sababu ukuta mtupu wa simiti unarudisha mwangwi. Kama mko wawili kwa simu moja ya kikundi, msikae chumba kimoja na spika zote wazi. Itapiga mluzi.

Picha sasa. Mtu asikae akiupa mlango mgongo. Kamera inapima ule mwangaza wa nje na kuifanya sura kuwa kivuli cheusi. Mgeuze aangalie dirisha. Panguza kamera kwa kitambaa, maana imejaa mafuta ya vidole. Netiweki ikianza kukwama, zima picha, bakisha sauti. Sauti inakula data kidogo sana.

Mbona nasisitiza sauti hivi? Kwa sababu Ekegusii ni lugha ya toni: sauti ikipanda au kushuka, maana inaweza kubadilika. Na mambo tunayoongea kwa hizi simu si salamu tu. Ni mpaka wa shamba, ni mahari, ni mazishi yatakuwa siku gani. Mtoto aliye mbali akisikia nusu ya neno la mzee, ugomvi unaotokea hapo unaweza kudumu miaka. Na mzee akishaenda, hakuna wa kumuuliza alisema nini.

Kwa hivyo kabla hujaomba mtu wa Marekani atume pesa ya simu mpya, mgeuze magokoro kwa dirisha, mpe iyafoni, halafu mpige tena.