DNA setilaiti, au takriri mfululizo?

Msomaji akikuta maneno "DNA setilaiti", fikra zinamwendea mitambo inayozunguka dunia, na hapo anapotea. Istilahi hii ilizaliwa maabarani miaka ya 1960. Watafiti walizungusha DNA iliyokatika-katika kwa kasi kubwa ndani ya myeyusho wa chumvi ya sesiamu, nayo ikajipanga kwa densiti yake: utepe mmoja mkubwa, na pembeni tepe nyembamba. Hizo za pembeni ndizo zilizoitwa setilaiti. Jina linataja ilikoonekana, halisemi ni kitu gani.

Ni marudio. Kwenye kromosomu ya 9 ya binadamu herufi CATTC zinajirudia, CATTCCATTCCATTC, hapa na pale herufi moja ikibadilika, kwa urefu wa takriban herufi milioni 28. Kwenye sentromia, pale kromosomu inaposhikwa na nyuzi za kuivuta seli inapogawanyika, kipande cha herufi 171 hurudiwa maelfu kwa maelfu. Mgawanyo ukienda kombo, mtoto anaweza kuzaliwa na kromosomu tatu za 21 badala ya mbili. Na bado sehemu hizi ziliitwa takataka kwa miaka mingi!

Jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, iliyotangazwa kukamilika mwaka 2003 ilikosa takriban asilimia 8, sehemu kubwa ikiwa marudio haya. Mashine zilisoma vipande vifupi, kompyuta ikaviunga kwa kutazama vinapofanana. Ukichana shairi refu ukabaki na vipande vyenye kibwagizo tu, utajuaje kipi ni cha ubeti upi? Zilihitajika mashine zinazosoma herufi laki moja na zaidi kwa mkupuo. Mwaka 2022 kundi la watafiti liitwalo T2T, likiongozwa na Karen Miga na Adam Phillippy, likaziba mapengo. Kromosomu Y ikafuata mwaka 2023.

Kiswahili kina neno lake tayari: takriri, analolijua kila aliyesoma ushairi sekondari. Ila peke yake halitoshi. Kipande kiitwacho Alu nacho kimerudiwa zaidi ya mara milioni moja, lakini kimetapakaa jenomu nzima. Napendekeza Alu iwe takriri tawanyifu, na DNA setilaiti, ambayo nakala zake zimeshikana mkia kwa kichwa, iwe takriri mfululizo. "Setilaiti" ibaki kwenye kamusi, kwa ajili ya atakayekutana nayo katika majarida ya nje.